Mkunde wa Karoni

Januari, Mwakirunge, udongo umefunga mdomo.
Kunde tumezivuna, mashina tumeyang'oa,
na wifi yangu Nyevu akijifuta shingo kwa leso akasema:
"Sasa wafe. Hawana pa kunywa."

Alikuwa akiwasema vidukari.
Wale weusi, wadogo kama mbegu ya mchicha,
waliojipanga msimu mzima kwenye vikonyo
kama foleni siku bomba linapofunguliwa:
midomo chini, matako juu, hakuna anayempisha mwenzake.
Tulinyunyiza majivu. Tukanyunyiza povu la sabuni.
Tukanyunyiza dawa ya Mramba, chupa isiyo na karatasi.
Wakaanguka, wakarudi.
Majani yalijikunja ngumi, yakanata kama yaliyomwagiwa soda.
Kongowea wanunuzi walishika fungu, wakalirudisha,
wakajipangusa vidole bila neno.

Basi kiangazi tulikipokea kama askari wetu.

Thoya, mwana wa Nyevu, yuko Ufini, anaosha vyombo.
Tulimuuliza: huko, theluji ikianguka, hufia wapi?
Akakaa siku mbili, akatuma sauti:
"Mama, nimemuuliza jirani mwenye bustani.
Kanionyesha kijiti. Kwapani mwa tumba pana yai,
jeusi, nukta ya kalamu.
Waliolitaga wote wamekufa. Baridi inalipiga miezi mitano,
na yai halina habari."
Nyevu alicheka. Aliirudia sauti hiyo mara tatu,
si kwa ajili ya yai.

Kwetu hakuna yai. Kwetu hakuna hata dume.
Jike huzaa jike, na huyo huzaliwa tayari ana mimba,
ukoo mzima umekunjwa tumboni, leso ndani ya leso.
Wanachotaka ni jani moja bichi mpaka masika.
Moja tu, katika vumbi lote hili.

Nani atawapa?

Nilitafuta, asubuhi, jua halijawa kali.
Nikafunua mchunga ukingoni mwa mtaro: hapana.
Nikapekua mnavu nyuma ya choo cha kina Mbeyu: hapana,
ila buibui na kizibo cha chupa.
Nikawafuata sisimizi. Hao hawasemi uongo.
Msafara ukapita chini ya lango letu sisi,
ukazunguka pipa,
ukateremka karoni.

Pale maji ya sufuria yanapochuruzika
umeota mkunde mmoja.
Majani tisa, ua moja la zambarau.
Na chini ya jani la tatu, wao.
Nilihesabu kumi na wanane. Hawakuwa wamenona.
Sisimizi mmoja aliwapapasa migongo kama mkunga,
akanywa tone, akaenda zake.

Nikamwita Nyevu. Akaja na kisu cha jikoni.
Akachutama, akatazama kuliko nilivyotarajia.
"Huu naumwagia mimi," akasema.
"Kila jioni. Nataka mbegu.
Zile za dukani mwaka jana hazikuota."

Kisu kilikuwa pale. Mkunde ulikuwa pale,
na ganda moja changa limeanza kuning'inia,
jembamba, lina manyoya ya kitoto.

Akaweka kisu chini.
Akalowesha kidole gumba, akaanza kuwapangusa,
mmoja mmoja, taratibu, kama anayemfuta mtoto tongotongo,
mpaka kidole kikawa cheusi.

"Wameisha?"

Kwenye ukingo wa sufuria alisimama mmoja
mwenye mbawa, bado zimelowa,
akiuonja upepo.
Nikasema, wameisha.

Usiku, kupitia ukuta, nilimsikia Nyevu
akiifungua tena simu,
sauti imeteremshwa chini kabisa:
na yai halina habari.